Redio ya Mzee Felisian

Milanzi, Sumbawanga
19 Mei 2024

Kwa mke wangu mdogo Angela,

Pokea salamu zangu za kizee. Kiuno kinauma ila ulimi hauna tatizo. Barua hii nimeandika mwenyewe, Rahim wa duka la Majengo ataipiga picha na kukurushia huko Kepu Tauni, na ya kwako ataichapa kwenye karatasi. Shangazi yako Fortunata anasema ningeongea tu kwenye simu. Simu nayo ni ya watu wasio na la maana. Unasema "haloo" mara nne, vocha imekwisha.

Baba yako Baltazari alipita jana na lori la mahindi. Analia jino. Juzi alilia tairi. Wiki iliyopita aligombana na trafiki, akarudi na uso kama ametemewa mate na ng'ombe. Nimemwambia aoe tena, labda mke atamsaidia kulalamika. Amesema niache uchokozi. Sasa niuache nimpe nani?

Ameniambia pia kwamba sasa unasomea redio za mbinguni. Nimecheka mpaka Fortunata akaja kuangalia kama nimepatwa na presha. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini padri ametufundisha miaka yote kwamba mbinguni ni kuimba tu. Kumbe kuna na redio! Wanatangaza nini? Bei ya maharage? Na kuna stesheni ngapi? Anasema eti wewe unashughulika na zile ambazo mstari wake umelala kama meza, na watu wazima wenye ndevu wanakaa kikao kuuliza kwa nini umelala. Huku kwetu kitu kikilala tunakiacha kilale.

Nieleze taratibu, kama unamweleza mume mjinga. Usinifiche maneno magumu, nitayakwepa mwenyewe.

Ni mimi mume wako mzee,
Felisian


Cape Town
27 Mei 2024

Babu, mume wangu usiye na meno, shikamoo.

Huku baridi inapita kwenye dirisha kana kwamba dirisha halipo. Uji wao ni wa shayiri, unateleza kama gundi. Nimeota ugali wa ulezi usiku mara mbili. Mwambie baba aache kuogopa mganga wa meno, aling'oe hilo jino.

Stesheni zako ni hizi. Mbali sana huko kuna mashimo meusi makubwa, na pembeni yake vitu vidogo sana vinarushwa nje kwa mbio za kutisha, vikizunguka kwenye usumaku. Vikizunguka hivyo vinatoa mawimbi, yale yale ya redio yako ya mkulima. Nasi tunazungusha kitufe: tunasikiliza masafa ya chini, ya kati, ya juu, tunaandika kila mahali nguvu ni kiasi gani, halafu tunachora mstari.

Wingu la vitu hivyo likiwa limetawanyika, jepesi, nguvu huwa kubwa masafa ya chini, halafu inateremka kadiri unavyopanda. Mteremko tu, kama unashuka kwenda bonde la Rukwa. Hilo halitusumbui.

Wingu likiwa limebanana, linameza sauti yake lenyewe. Zile za chini haziwezi kutoka nje, zinaliwa humo humo. Kwa hiyo mstari unapanda kwanza, unafika kileleni, halafu ndio unateremka. Unapata nundu, kama ya ng'ombe. Na kadiri wingu linavyobanana, nundu inasogea kuelekea masafa ya juu. Hilo nalo tunalielewa.

Sasa kuna vyanzo vya mawimbi vilivyo vidogo kuliko vyote. Ukivitazama ni nukta. Vimebanana haswa, kwa hiyo vilipaswa kuwa na nundu. Lakini ukizungusha kitufe toka chini hadi juu, nguvu ni ile ile. Mstari umelala. Babu, kitu cha nundu kinawezaje kuwa tambarare?

Jibu lipo na ninalijua. Sikwambii. Wewe si bingwa wa vitendawili? Kaa nacho.

Mkeo,
Angela


Milanzi
10 Juni 2024

Angela mwanangu,

Juzi kwenye simu tulilia wote wawili, hatukuelewana. Naandika ili ujue ilivyokuwa.

Baba yako alikufa Ijumaa asubuhi, tarehe saba. Lori lilikataa breki kwenye mteremko wa kushukia bonde. Alikuwa peke yake. Hakuteseka, wamesema waliomtoa. Jana tumemzika.

Babu yako hajui. Daktari alituambia mwezi wa tatu kwamba mshtuko mmoja tu na presha ile, mzee amekwenda. Siwezi kuzika kaka Jumapili na baba Jumatatu. Ndugu wamekaa, wamekubaliana, asiambiwe mpaka apate nguvu. Msiba tuliuweka Kizwite kwa binamu Asnath ili asisikie. Nikamwambia naenda kwenye sala za jumuiya. Simu yake nimeizima nikasema imeharibika. Redio nimeitoa betri, maana jina la Baltazari lilitangazwa kwenye vifo siku mbili, asubuhi na jioni. Kila jirani ameambiwa. Padri ameambiwa. Ukiulizwa, Baltazari amepeleka mzigo Zambia, amekwama kwenye foleni ya Tunduma, hajambo.

Najua ulitaka kuja. Ndiyo maana nilikukatalia kwa ukali. Angekuona tu mlangoni katikati ya muhula, angejua. Nisamehe. Nawe mwandikie kama kawaida. Barua zako ndizo anazozisubiri. Mwandikie hizo nyota.

Shangazi yako,
Fortunata


Milanzi
12 Juni 2024

Mke wangu,

Andaa zawadi. Nimekitegua.

Lakini kwanza nikushtakie. Nyumba hii imevamiwa. Simu imekufa. Redio imekufa. Fortunata anasema Majengo nzima hakuna betri. Sumbawanga nzima, mji wenye maduka mpaka ya kucha za bandia, hakuna betri! Wewe unasikiliza redio za mbinguni, mimi ya duniani nimenyimwa. Na ananifungia kama kuku anayeatamia. Baba yako naye amekwama Tunduma, hakuna hata wa kumchokoza.

Jumamosi akaenda kwenye jumuiya yake. Nikatoroka. Nikachukua fimbo mpaka shambani kwetu, kule juu upande wa Kizwite, nitazame maharage. Upepo wa Juni unakata masikio. Nikasikia mlio. Nikasema hii ni mashine ya kusaga, maana ulikuwa umenyooka, hauyumbi. Lakini mashine ya kusaga haina uchungu. Nikasikiliza vizuri. Ni kilio. Kuna msiba chini kule nyuma ya mikaratusi.

Basi nikakaa kwenye tuta. Ni makosa kufurahia msiba, lakini nilikuwa na kitendawili chako tumboni. Mtu mmoja akilia, Angela, anapanda, anafika mwisho, anakatika avute pumzi. Ana nundu. Wasichana nundu yao iko juu, kwenye sauti nyembamba. Kina mama katikati. Wanaume chini, wanaguna kama wanabeba jiwe, nusu ya kilio wanakimeza. Ukisimama mlangoni unamsikia kila mmoja na nundu yake. Lakini mimi niko mbali, kwangu wote ni nukta moja. Huyu akishuka yule anapanda, pengo la huyu linazibwa na kilele cha yule. Ndio kikalala kama meza.

Kwa hiyo nyota yako si moja. Ni wengi, kila mmoja na nundu yake, wamesimama pamoja. Wewe uko mbali mno kuwatenganisha. Ni kweli au si kweli?

Nimemuuliza Fortunata nani amefiwa. Akasema ni watu wa kuja, wale wafugaji, hatuwajui. Nikamwambia huyo marehemu, hata kama simjui, alikuwa mtu wa watu. Kilio cha kununua hakinyooki namna ile. Nimemwonea wivu kidogo. Siku yangu mkilia kwa kubahatisha nitafufuka niwachape.

Mumeo bingwa,
Felisian


Cape Town
14 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeipata barua ya babu. Sijui kama uliisoma kabla Rahim hajaituma.

Alisikia. Jumamosi alikaa kwenye tuta akawasikiliza nyote mkimlilia baba, akamsifu marehemu. Mwanawe mwenyewe, shangazi. Amemwonea wivu.

Naomba mniruhusu nimwambie.

Angela

(Shangazi alijibu kwa simu, neno moja: Hapana.)


Cape Town
15 Juni 2024

Babu, shikamoo.

Ni kweli. Umekitegua. Hicho ndicho kilichochukua watu miaka. Zile nukta si kitu kimoja. Ni mchirizi unaotoka karibu na shimo, wenye mafundo mengi. Mafundo ya ndani yamebanana zaidi, nundu zake ziko masafa ya juu. Ya nje yametanuka, nundu zake ziko chini. Ukijumlisha zote, mabonde yanafunikwa na vilele, mstari unalala. Baadaye walipounganisha mitambo ya mabara mbalimbali isikilize kwa pamoja, macho yakawa makali, wakaanza kuyatenganisha mafundo hayo, moja moja.

Lakini kuna jambo moja umeliruka. Ili mstari ulale kabisa, haitoshi wawe wengi. Inabidi nundu zote ziwe na kimo kimoja, au karibu yake. Mchirizi unapotanuka, usumaku unapungua na vile vitu vidogo vinapungua, na vinapungua kwa kipimo kile kile kinachohitajika ili jumla isiyumbe. Sisi wenyewe tunatania kwamba hiyo ni njama. Kwamba mafundo yamekaa kikao, yakakubaliana kila moja lisimame wapi na kwa urefu gani, ili anayetazama kwa mbali asione kitu. Tunajua hesabu yake, lakini bado inashangaza.

Pia mstari huo haulali milele. Fundo jipya likitoka, unainuka upande mmoja, halafu unatulia tena. Kwa hiyo tunavitazama mwaka hadi mwaka.

Nadhani nimejibu yote. Huku sote wazima. Baba aliniambia yuko Tunduma, hajambo.

Angela


Milanzi
30 Juni 2024

Angela,

Leo sikuiti mke. Leo nakuita mjukuu, unisikilize.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko sala. Ile ya kwanza ilikuwa na baridi, dirisha, uji wa gundi, ugali wa kuota, na jino la baba yako. Hii ya pili ni nyota mpaka chini. Hakuna hata tusi moja. Tangu ulipojua kuandika hujawahi kuniandikia bila kunitukana meno.

Nikaanza kusikiliza nyumba. Namuuliza Fortunata: Baltazari? Hajambo. Nikaenda kwa Rahim: Baltazari? Hajambo, mzee. Padri kaleta komunyo, simpendi sana lakini nikamuuliza. Hajambo, anakusalimu. Hata mwanamke wa maandazi, ambaye kazi yake ni kupinga kila kitu, hajambo. Wote kwa kimo kimoja.

Baltazari tangu azaliwe hajawahi kuwa hajambo wiki tatu mfululizo. Nimemzaa mimi, namjua. Leo jino, kesho tairi. Angekuwa kweli kwenye foleni ya Tunduma, Fortunata angekuja ananiambia kaka yake amepiga simu anatukana serikali mbili, ya huku na ya kule. Mtu mzima wa afya ana nundu. Hii iliyolala imetengenezwa. Wewe mwenyewe umeniandikia: ikilala sana, kuna kikao kimekaa.

Halafu nikakumbuka lile tuta. Sitaki kuandika nilichokumbuka.

Sasa sikia shida yangu. Hapa nilipo nimekaa na kitu kifuani, siwezi kukitoa. Baba hamtamkii mwanawe neno lile. Akitangulia yeye kulisema kabla hajaambiwa, ni kama amemtupia laana. Hilo wazee wetu hawakulifanyia mzaha, na mimi niliyefanyia mzaha vyote, hili siwezi. Kwa hiyo sina ruhusa ya kulia. Sina ruhusa ya kunyoa. Nakula ugali namwambia Fortunata mboga imezidi chumvi, naye anacheka, na macho yake yamevimba kila asubuhi anasema ni moshi. Nikilia mbele yake atajua nimejua, na yeye ndiye atakayeanguka, si mimi. Kila mtu hapa anamlinda mwenzake, na mwenyewe yuko peke yake huko aliko.

Niandikie wewe. Usitume herufi za mashine, piga picha karatasi yako. Kwa mkono wako, neno lenyewe, na jina. Usinifunike na nyota.

Babu yako


Majengo
30 Juni 2024

Dada Angela,

Natuma barua ya mzee. Hii sikumwonyesha shangazi yako, ingawa amenikataza kutoa karatasi yoyote bila yeye kuisoma.

Mimi si wa ukoo, sina haki ya kusema. Lakini lori lilikuwa la familia yetu, na Baltazari alilalamikia breki zile kabla ya safari, tukasema akirudi tutazitazama. Mzee akiingia hapa na fimbo yake akaniuliza, nikamjibu hajambo, natamani sakafu ipasuke. Kwetu mtu akifa tunapiga simu mpaka kwa maadui zake. Sijui kuishi hivi.

Ukiandika, nitampa mkononi. Nitafunga duka niketi naye. Nimemtafuta na daktari, atakuwa jirani hapa, mzee asijue.

Rahim


Cape Town
2 Julai 2024

Babu, shikamoo.

Baltazari mwanao amekufa.

Amekufa Ijumaa tarehe saba Juni, kwenye mteremko wa bonde, breki za lori zilikataa. Alizikwa Jumapili, Kizwite, makaburi ya nyuma ya mikaratusi. Ulichokisikia kilikuwa kilio cha msiba wake.

Nilijua nilipokuandikia ile barua ya nyota tu. Niliandika nyota kwa sababu kila nilipoanza neno jingine mkono ulienda kwenye jina lake. Kama umenikasirikia, nikasirikie mimi, usimkasirikie shangazi. Alimzika kaka yake, akarudi nyumbani jioni kukupikia na kukuambia habari za jumuiya. Sijui mtu mwingine anayeweza.

Mimi sikuja kwa sababu ungeniona. Sasa umeambiwa. Nakuja.

Lia, babu.

Angela


Milanzi
7 Julai 2024

Angela,

Sijafa, kama unavyoona. Daktari wao aliyejificha nyuma ya magunia ya sukari nilimwona tangu naingia, kisigino kilikuwa nje. Nikamwacha, maana alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Rahim alinipa karatasi akakaa chini sakafuni, mtoto wa tajiri. Nilisoma mstari wako wa kwanza, nikaomba aniongoze nje. Mengine nilisoma baadaye. Rahim akaniambia la breki. Hilo nimeliweka kando kwanza, na usinihimize.

Nyumbani Fortunata alikuwa anapepeta maharage. Nikamwambia, mwanangu, nimeambiwa. Ungo ukamtoka. Hakuuliza ni nani aliyesema. Alikuja akaniegemea mgongoni, sio kifuani, mgongoni, kama alivyokuwa anafanya utotoni akiwa amevunja kitu. Tulikaa hivyo mpaka majirani wakaanza kuingia, wale wale wa hajambo, wakavua viatu mlangoni. Hakuna aliyeniangalia usoni. Nikawapokea. Ningefanya nini?

Leo asubuhi nikawaambia wanipeleke. Walitaka kuleta pikipiki, nikakataa, nikatembea. Fortunata mkono huu, Rahim kwa mbali nyuma. Tumefika. Makaburi mengine bado ni udongo, yana matuta na misalaba ya mti, hata ya mwaka juzi. La Baltazari wameshalijenga. Saruji ya Rahim, aliiharakisha kwa sababu moyo wake unamsuta, tena nzuri, laini, wamechora na jina. Imekauka kabisa.

Mimi nilikuwa nimeshachota udongo pembeni, nimeushika. Nimekwenda na mkono umefumba, nimesimama pale, sikuona pa kuutia. Ukiuweka juu ya saruji upepo unaupeleka. Nilitafuta ufa. Fundi amefanya kazi yake, hakuna ufa.

Nimerudi nao. Uko kwenye mfuko wa koti. Fortunata anataka kulifua koti kabla hujafika, nimemkatalia.

Babu yako,
Felisian